Anayeomba Mwenyewe Kuwa Baba wa Kipaimara wa Binti Yangu

Mpendwa Anti Pacing,

Naomba unisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka, maana jambo hili siwezi kumpelekea jirani, wala padri, wala hata kikundi chenyewe lilimozaliwa, na wewe angalau hunijui sura. Safu yako naisoma kila wiki kabla gazeti halijaenda kufungia samaki, na nimeona unavyowapasha watu bila huruma, basi nipashe na mimi, lakini kwanza nisikilize mpaka mwisho. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la mji.

Mimi ni mke wa mlevi. Naliandika hivyo moja kwa moja kwa sababu kikundini tumefundishwa kulisema bila kumung'unya maneno. Mume wangu Arsenio si mtu mbaya, hapigi, hatukani, anakunywa tu lambanog, hii pombe kali ya mnazi inayotumaliza sote hapa Lucena, anakunywa mpaka anasahau kama ana mtoto, na mtoto mwenyewe ni mmoja, Lorelie, miaka kumi na mitano, ambaye ilifika mahali akawa haongei nyumbani ila "ndiyo Mama" na "hapana Mama". Ndipo nilipojiunga na kikundi cha familia za walevi kinachokutana nyuma ya kanisa kila Jumamosi, watu wazima chumba kimoja, vijana chumba cha pili, na ukweli ni kwamba sijui wanazungumza nini kule kwa vijana kwa sababu yanayosemwa mle ni lazima yabaki mle, lakini mtoto wangu alirudi kuwa mtu. Anacheka. Siku moja alimwambia baba yake uso kwa uso kwamba amechoka kumwokota barabarani mbele ya wanafunzi wenzake, na Arsenio akalia kama mtoto. Kwa hiyo, Anti, usinishauri nimtoe kikundini, hilo nakuomba sana, nikimtoa pale namrudisha kwenye ule ububu wake na sina nguvu ya kuuona tena.

Sasa kuna Anko Delfin. Ni mmoja wa watu wazima wawili wanaokaa na vijana, mwingine ni Anti Ofelia. Anko Delfin ana miaka hamsini na kitu, amefiwa na mke, kaka yake aliuawa na pombe, na pale kwetu hakuna asiyempenda, mimi nikiwa wa kwanza. Mvua ikinyesha ndiye anayewafikisha watoto majumbani kwa gari lake lenye kiyoyozi, mtoto akikosa viatu vya shule yeye anajua duka, sisi akina mama tukianza kulia yeye ana leso, tena imepigwa pasi. Anti Ofelia ni kinyume chake kabisa. Hajaolewa, hacheki, na kazi yake ni kanuni, kwamba mtu mzima asibaki peke yake na kijana mmoja, kwamba mlango wa chumba cha vijana uwe wazi, kwamba hakuna kijana kupanda gari la mtu mzima wakiwa wawili tu hata mbingu ianguke. Jumamosi moja alisimama na mwavuli wake mbele ya gari la Anko Delfin akamshusha binti wa watu, akampandisha jipni ya abiria na nauli akamlipia yeye, na sisi tuliokuwa kibarazani tukacheka, tukampa jina la Askari wa Geti. Mimi pia nilicheka. Nikasema tena kwa sauti kwamba ule ni wivu tu, watoto wanamkimbilia Anko na yeye wanamkimbia, na mpaka ninavyoandika sijajua kama nilimsingizia au nilisema kweli.

Mwaka jana tulikwenda Tagaytay kwenye kongamano la vikundi vyote, kwenye nyumba ya masista, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Kanuni ya kongamano ni kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane asafiri na alale chini ya uangalizi wa watu wazima wawili wa kikundi chake, isipokuwa kama yuko na mzazi wake, au ndugu wa damu, au mzazi wake wa ubatizo au wa kipaimara, maana unajua kwetu mzazi wa kipaimara ni mzazi. Huko ndiko nilikogundua kwamba Anko Delfin ana watoto wa kipaimara, wote wasichana, kila mmoja wa mji wake, na kila mmoja baba yake ni mlevi au yuko kazini Saudia. Wakati wa chakula cha mchana vijana walipanga foleni kumsalimia, mmoja mmoja akichukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, na mimi nikaona raha, nikasema huyu ndiye mwanamume. Mwisho wa foleni alikuwepo Marivic, ameshakuwa mkubwa, alikuwa anasaidia kupokea wageni. Huyu naye ni mtoto wake wa kipaimara, wa zamani. Anko akamnyooshea mkono, yeye akaweka mikono yake nyuma. Nikaona haya kwa niaba ya mama yake, nikamwambia, "Binti, msalimie baba yako wa kipaimara, watu wanaangalia."

Marivic akaniangalia mimi, si yeye, akasema, "Nimeshamsalimia vya kutosha, Anti."

Akaondoka. Anko Delfin akacheka akasema watoto wakikua hujiona, na mimi nikamwitikia. Jioni ileile Anti Ofelia akamkuta Anko kwenye korido ya vyumba vya wasichana amebeba blanketi, akamuuliza anatafuta nini, akajibu kwa upole kwamba mwanawe wa kipaimara anasikia baridi, na kwa kuwa kanuni ilikuwa upande wake, Anti Ofelia akabaki amesimama pale kama mti. Tulimcheka tena.

Sasa sikiliza yaliyonifikisha kwako. Majuzi mchana Anko Delfin alikuja kwetu bila taarifa, mkono mmoja pai ya madafu, mkono wa pili chupa ya lambanog. Chupa, Anti. Mtu ambaye kila Jumamosi anatufundisha kwamba mlevi usimpe hata glasi tupu. Nilidhani labda ni heshima ya kuingia kwa watu, nikaipokea pai. Walikaa uani na Arsenio, na chupa haijafika nusu nikasikia wanaitana kumpare, jina wanaloitana baba na msimamizi wa mtoto wake, kama watu waliokwisha kulea mtoto pamoja, kisha nikaitwa nipewe habari njema. Anko Delfin ameomba awe baba wa kipaimara wa Lorelie. Ameomba yeye mwenyewe. Arsenio machozi yalikuwa yanamtoka, kwa sababu tangu aanze kunywa hakuna mtu mwenye heshima zake aliyewahi kutaka undugu naye, na alikuwa ameshakubali kabla sijafuta mikono. Anko akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Kipaimara Jumapili ijayo, Dada, kongamano Ijumaa yake. Lorelie atapanda gari langu, basi la nini? Sasa sisi ni familia. Hata Askari wa Geti hatakuwa na la kusema."

Tukacheka wote watatu. Mimi nacheka huku nimeshika pai ya watu, na lile neno la mwisho likanikwama kooni, na halijashuka mpaka leo.

Lorelie nilimwambia jioni tukiwa tunaosha vyombo. Nilitegemea afurahi. Aliendelea kusugua sufuria ileile muda mrefu, halafu akauliza, "Mama, itabidi niwe nachukua mkono wake?" Nikamgombeza, nikamwambia unataka watu waseme sikukufunza adabu, mtu anakuheshimu hivi na wewe unauliza mambo ya mkono. Akasema ndiyo Mama. Ndiyo Mama, Anti, kama zamani. Huyu mtoto siku hizi ana kiburi cha umri, nimekuandikia hili uone kwamba hata yeye ananiongezea mzigo.

Nifanyeje? Nikikataa namvunjia uso Arsenio, na mama mkwe ameshasema kukataa mzazi wa kipaimara ni kuita mkosi. Nikiuliza kikundini nitaambiwa nachafua jina la mtu na navunja siri za watu. Na huenda ni mimi ndiye mgonjwa. Miaka yote hii ya kunusa glasi na kupapasa mifuko ya suruali imenifanya nimshuku kila mtu, namshuku muuza samaki, namshuku Anti Ofelia, wakati mwingine najishuku mwenyewe. Pengine huyu ni mtu mwema na nina laana ya kuona ubaya. Nimeze tu yapite? Au kuna maneno ya kistaarabu ya kusema hapana bila mtu kuumia? Nijibu haraka, tafadhali, Jumapili inakuja.

Mimi mwenye mashaka,
Lucena

ANTI PACING ANAJIBU

Mwenye mashaka, vuta pumzi, weka hiyo pai chini.

Unaniuliza kama wewe ni mgonjwa. Pua iliyokuokoa kwa mlevi miaka yote, leo imenusa kitu kingine, na wewe unataka kuikata ili usimuudhi mgeni. Sitakusaidia kuikata. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa hasira, na hasira nyingine ni juu yako wewe, utanisamehe, uliniambia nikupashe.

Nianze na hili la kuomba. Nimezaliwa nchi hii na nimezeeka nchi hii, na ninachojua ni wazazi kuwabembeleza watu wawe wazazi wa ubatizo na wa kipaimara. Wanaume ndio wanaokimbia. Krismasi ikifika wapo wanaozima taa na kujifanya wamesafiri, ili watoto wao wa ubatizo wasigonge mlango kudai zawadi. Shemeji yangu mmoja aliwahi kujificha kwenye banda la nguruwe. Leo unaniletea mwanamume anayekuja kwa miguu yake, na pai juu, kuomba mtoto wa kipaimara asiyepewa na mtu. Tena wa kike, wakati binti kwa kawaida hutafutiwa msimamizi wa kike. Tena ana wengine, wote wa kike, wote hawana baba wa kuuliza swali. Hata hukushangaa. Uliona raha kwenye foleni.

Halafu chupa. Mtu wa kikundi chenu anajua pombe inafanya nini ndani ya nyumba kuliko daktari, na ndiyo maana aliibeba. Alijua "ndiyo" ya Arsenio inakaa wapi. Pai ilikuwa yako wewe, ili mikono yako isiwe mitupu ya kumzuia. Na alichokuwa anakitaka alikisema mwenyewe mbele yako: Askari wa Geti hatakuwa na la kusema. Kati ya mambo yote mazuri ya undugu, sala, malezi, Krismasi, yeye alilolifurahia ni kwamba hatakuwepo wa kumuuliza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengi huteleza. Sijui kama Delfin ni mtu mwovu. Sijamwona, na safu ya gazeti si mahakama. Na wewe hujui. Lakini huhitaji kujua ili useme hapana. Kanuni ya Ofelia haisemi fulani ni mbaya, inasema hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto, akiwa mbaya au akiwa mtakatifu, ili siku mbaya akija asikute nafasi. Mtu safi kanuni hiyo haimpunguzii kitu. Atapanda basi na wenzake, atashangilia njiani, atafika.

Na kuhusu Ofelia, umenikera sana. Mwanamke anatoa nauli yake mwenyewe kwenye mvua ili mtoto asiye wake afike salama, na nyinyi kibarazani mnacheka kwa sababu hajaolewa. Ungekuwa wivu, angegombania kuendesha gari. Huyo ndiye mtu wa kwanza utakayemfuata, na umfuate leo.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi nenda ofisi ya parokia uwaambie msimamizi wa Lorelie atakuwa mwanamke, na atachaguliwa na Lorelie mwenyewe. Arsenio mwambie alfajiri, kabla ya glasi ya kwanza, kwa maneno machache, na usimuulize kama anaonaje. Atasema ameaibishwa. Mwambie aibu hiyo mtaibeba pamoja, amekuachia nyingi ukazibeba peke yako. Mama mkwe mwache na mkosi wake, mkosi haujawahi kumwokota Arsenio barabarani.

Delfin akija, mkutie mlangoni. Asikae, na usipokee kitu. Uliniomba maneno ya kistaarabu, haya hapa, "Asante Anko, Lorelie ameshapata msimamizi, na kongamano tutakwenda kwa basi." Usieleze. Ukieleza atakujibu, na yeye ana sauti ya taratibu kuliko yako. Kisha muangalie. Akisema haya, hongereni, akaenda zake, vizuri. Akibembeleza, akinuna, akimzunguka Arsenio na chupa ya pili, au akimtafuta mtoto pembeni, huyo ameshakujibu swali uliloogopa kuliuliza, na barua nyingine kwangu haitahitajika.

Lorelie aende kongamano. Sikuambii umtoe, kikundi hakijamkosea na hakuna sababu yeye ndiye aadhibiwe. Lakini unakwenda naye. Funga banda la tambi, kama ni tambi unauza, maana wanawake wote wa Lucena mnaoniandikia mnauza tambi. Arsenio atabaki, ana mikono, wali anajua uko wapi. Lorelie alale na wasichana wa rika lake, wanawake wawili wakiwa zamu ya karibu. Simu yake iwe na chaji, na ajue kwamba akikupigia useme njoo, unakuja bila swali na bila lawama. Nimeandika vibaya, yeye ndiye aseme njoo. Ona, nami nimepandwa na hasira.

Mkifika huko, wewe na Ofelia muwafuate wenye kongamano, mseme ile ruhusa ya wazazi wa kipaimara iondolewe. Abaki mzazi aliyemzaa au aliyemlea ndani ya nyumba yake, basi. Watalalamika kwamba ni mila. Waambieni mila ilikusudiwa kumwongezea mtoto watu wa kumlinda, na kama imeanza kuwaondoa, mila yenyewe ndiyo iliyovunjwa.

Kuhusu siri. Yanayosemwa mle yabaki mle, ndiyo, hayo ni machozi ya watu, majina ya waume, aibu za nyumbani. Anachokifanya mtu mzima na mtoto kwenye korido hakimo katika hayo. Mtu mzima yeyote atakayemwambia kijana "hili ni letu la kikundini" ameiba kanuni yenu ili ajifunike nayo. Lorelie alijue hilo kutoka kinywani mwako, kwamba kwako hakuna siri ya kikundi inayomkataza kusema lililompata.

Marivic. Hapa nilisimama nikaenda kunywa maji. Msichana mzima wa nchi hii, aliyelelewa kuchukua mikono ya hata wazee asiowapenda, anaweka mikono nyuma mbele ya ukumbi mzima, na wewe uliloliona ni ukosefu wa adabu tu. Usimfuate kumhoji. Usimsukume aseme, na usimtangaze kwa mtu mwingine zaidi ya Ofelia, ambaye naamini anajua zaidi ya alivyowahi kuulizwa. Ukikutana na Marivic mwambie kitu kimoja, kwamba siku ile ulikosea kumwamrisha, basi, umwache apite. Akitaka kusema siku moja, atajua wa kumwendea.

Na ikiwa yeye, au mwanao, au mwingine yeyote atasema, usimwendee Delfin, wala usimwite padri awapatanishe, wala mwenyekiti wa mtaa awaketishe mezani mshikane mikono. Nenda na Ofelia moja kwa moja kituo cha polisi, dawati la wanawake na watoto. Kazi ya kuuliza ni yao. Yako ni kumshika mtoto bega.

Nimebakisha moja. Umeniandikia alichosema Arsenio, alichosema mama mkwe, alichosema Delfin kwa ile sauti yake, na katikati umetupia kitu ukakiita kiburi. Unajiuliza unajuaje, unamshuku nani, nani atakuambia. Mwanao ameshakuambia. Alisimama karibu yako na sufuria mkononi, akakuuliza swali moja, kama itabidi awe anachukua mkono wa mtu yule, na wewe ukamjibu habari za majirani. Ndipo akarudia "ndiyo Mama". Sijui aliona nini, labda alimwona Marivic tu na akaelewa kuliko wewe. Usimhoji. Lakini swali lile halijajibiwa, na linakusubiri.

Leo jioni, vyombo vikiwa kwenye beseni, simama palepale ulipokuwa umesimama umwambie, "Hapana, mwanangu. Hutauchukua mkono wake, na si wake tu, wa mtu yeyote usiyetaka." Kisha chukua kitambaa, kausha sahani, na unyamaze. Usiondoke jikoni hata vyombo vikiisha.